Vikapu vya Moto Kichwani mwa Shangazi

Juma lililopita mliniacha nje ya lupango, yaani ua wa nyumba ya baba yangu, godoro mgongoni, mvua ikinichapa. Godoro bado ninalo. Sasa linanuka samaki, na leo nawaeleza kwa nini.

Kwa waliokosa mwanzo: mimi ni Zéphyrin wa Kibabi, mtoto wa Papa Edmond, mkulima wa maharagwe. Kazi yangu ni mashairi. Nayasema kwenye arusi, ng'ombe wa mahari anapotolewa: nasifu pembe, nasifu rangi, nasifu mwendo, mpaka mwenye ng'ombe anatafuta kitambaa cha kufutia macho. Hakuna mwalimu aliyenifundisha mstari hata mmoja. Nilijifundisha mwenyewe, nikipaza sauti kwenye vilima, na vilima havikulalamika.

Baba ndiye aliyelalamika. Siku ya kupura maharagwe yetu nilikwenda Mushaki kusifu ng'ombe za watu, na mvua ikashukia maharagwe yaliyoanikwa. Baba akasema: "Enda ulale kwa izo ngombe unaimbiaka. Hapa usirudi mpaka nikuite."

Hajaniita.

Na katikati ya shida hiyo, kuna Umwali. Umwali wa Karuba, binti wa Papa Gasana, mfugaji ambaye ng'ombe zake zikivuka barabara, magari yanazima injini. Bila neno la Papa Gasana, mimi na Umwali tutazeeka kwa kuandikiana ujumbe.

Ijumaa simu yangu ikalia.

"Baba amekubali kukuona," Umwali akasema. "Lakini hapa kwetu hapana. Ungali haujatuma wasemaji wa posa, hauwezi kuingia mu lupango."

"Najua desturi. Tutaonana wapi?"

"Shangazi njo amechagua fasi. Rubaya, kwa Mama Naomie. Kwa ile restora ya Kichina."

Nikakaa chini, barabarani, pale pale.

Shangazi Libérata ni dada yake Papa Gasana. Mwanamke huyo akikutazama, unaangalia kama umefunga vifungo. Alikuwepo kwenye ile arusi ya Mushaki, na aliyasikia yote niliyosema nikiwa na bia mkononi. Nilisema: "Mimi Goma nakulaka Kichina kila juma. Wali na nyama nawaachia nyie."

Ukweli ni huu. Goma nilipita mbele ya restora ya Kichina, mlango ukafunguka, nikanusa. Ni hayo tu.

Sasa Shangazi alitaka kuniona nikila.

*

Naomie aliishi Guangzhou, kule China, miaka mingi, akinunua nguo na kuzituma Goma. Aliporudi nyumbani hakuleta nguo hata moja. Alileta chai, vikapu vya mianzi, na mapishi yote kichwani. Akafungua restora yake katikati ya Rubaya, kati ya duka la machepe na kinyozi. Samaki wake wanatoka ziwani. Kaa wanatoka mito ya Walikale, wanakuja kwa pikipiki wakiwa ndani ya bidoni, dumu la plastiki lililokatwa mdomo, wamekasirika. Wachimbaji wa madini wanaposhuka kilimani wanakula pale, na wabebaji wanapanga mizigo yao nje kwenye ukuta.

Kwenye ukuta huo kuna joka. Mchoraji hakuwahi kuona joka, basi alimpa pembe za ng'ombe wa kwetu Masisi.

Nilifika mapema. Tulikuwa tumepatana na Naomie: yeye anapika, mimi nasifu sufuria zake sokoni mpaka wateja wajae.

"Zéphyrin," akasema, "ulishakula dim sum, ile chakula yao ya mvuke?"

"Dada, uliza kama samaki alishaoga."

"Juu kama haujui, naweza kukuelezea. Ile vikapu yake inakuja..."

"Dada Naomie. Mimi njo Zéphyrin."

Akanitazama kama unavyomtazama mbuzi aliyepanda juu ya bati. Kisha akanipa karatasi ya vyakula. Ilikuwa ya Guangzhou yenyewe, herufi zote za Kichina, nzuri kama nyayo za ndege kwenye matope.

Nikaweka kidole kwa mkato, kama mkubwa anayetia sahihi. "Hii. Hii. Hii. Na hii ya chini, usitie chumvi mingi."

"Ile ya chini iko jina ya mwenye kuchapa karatasi."

"Basi ile ya pembeni yake."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Akaingia jikoni akicheka na mabega.

*

Papa Gasana alishuka kwenye pikipiki polepole, kana kwamba pikipiki ndiyo iliyopewa heshima. Kofia, koti refu, fimbo. Nyuma yake Shangazi Libérata, amejifunga kitenge cha njano. Mwisho akaja Umwali, macho chini, midomo imebanwa ili kicheko kisitoke.

Papa Gasana akasimama mbele ya joka.

"Hii ngombe iko ya wapi?"

"Ya Wachina, Papa."

"Pembe iko sawa," akasema. "Lakini imekonda sana. Hawana majani kule?"

Tukakaa. Akanitazama kuanzia viatu.

"Weye njo Zéphyrin?"

"Njo miye, Papa."

"Mutoto ya nani?"

"Ya Edmond wa Kibabi."

"Edmond wa maharagwe?" Uso wake ukafunguka. "Maharagwe yake iko muzuri. Mama yangu hataki ingine. Yeye anajua kama uko hapa na sisi?"

Nikakohoa. Nikakohoa tena. Naomie akaleta chai, Mungu ambariki.

Papa Gasana akatazama ndani ya kikombe. "Maziwa iko wapi?"

"Chai ya kule hawatiake maziwa, Papa," Naomie akasema.

"Pole yao," akajibu, na alikuwa na huruma ya kweli.

Kisha akaweka fimbo kwenye magoti. "Mimi sikuje kukula. Tusikilizane. Muntu wa miaka yangu hakulake mbele ya..."

Neno hakulimaliza. Lakini mimi nililiona likikaa pale kwenye meza, linang'aa. Katika nyumba za zamani za wafugaji, mzee hatafuni mbele ya kijana ambaye kesho anaweza kuwa mkwe wake. Mbele ya mtu mwingine yeyote anatafuna bila shida!

Umwali alikanyaga mguu wangu chini ya meza. Alikuwa amelisikia pia.

"Bon," Shangazi Libérata akasema. "Weye Kibabi. Mikono yako iko ya jembe, mudomo wako unasema ngombe. Kaka yangu iko na ngombe anaitwa Bihogo. Haujamuona ata siku moja. Sema basi, tusikie."

Alifikiri amenifunga. Hakujua kwamba Umwali ananipigia simu kila jioni akiwa zizini, na kwamba ninamjua Bihogo kuliko ninavyowajua binamu zangu.

Nikasimama. Nikanyoosha mkono, kama tunavyofanya.

*Bihogo wa Karuba, mwenye mwendo wa bibi arusi,*
*ukishuka kilimani, ukungu hukupisha upesi;*
*pembe zako ni lango, mwezi hupita katikati,*
*na yule anayekukamua hujiona mwenye bahati.*

Mchimbaji mmoja alikuwa na kijiko njiani kwenda mdomoni, kikabaki njiani.

Papa Gasana alikuwa amefumba macho. "Rudilia ile ya mwezi," akasema.

Nikarudia ile ya mwezi.

"Tena."

Nikarudia tena, na mara ya tatu nilipiga mguu chini, na wachimbaji wakapiga meza, na kinyozi wa jirani akaja na wembe mkononi na mteja wake mwenye kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Shangazi Libérata alitazama dirishani ili nisimwone uso. Jamani, nyinyi mnaosoma, mimi siku hiyo nilikuwa mrefu kuliko mlingoti wa simu.

Na hapo ndipo Naomie alipoleta vikapu.

*

Vilikuwa vinne, vya mianzi iliyosukwa vizuri, vimepandana kimoja juu ya kingine. Akavipanga katikati ya meza, kila kimoja na mfuniko wake, akaenda kuhudumia wengine.

Papa Gasana akavua kofia.

Sikuelewa. Nikafikiri ni joto. Kisha nikamwona anaweka fimbo chini, anasimama, ananyoosha koti lake, na hapo nikaanza kuelewa.

Kwa wafugaji wa kwetu, kikapu chenye mfuniko kinazungumza. Wanakiita agaseke. Ukitaka kuomba binti, unapeleka kikapu kimefunikwa. Hakifunguliwi mbele ya aliyekileta. Hiyo ni aibu, kana kwamba unampimia mgeni mkono wake wa kutoa. Kinabebwa mpaka nyumbani, na mkubwa wa nyumba ndiye anayefungua. Na aliyekipokea hakirudishi kitupu. Cha kwetu kina mfuniko uliochongoka, hivi vilikuwa na mfuniko bapa. Lakini macho ya mzee yalikuwa bado yamejaa Bihogo.

"Libérata," akasema kwa sauti ndogo. "Unaona?"

"Naona, kaka."

"Vikapu vine."

"Na hakuvifungua," Shangazi akasema. Kwa mara ya kwanza alinitazama kama mtu. "Amenyamaza tu, ameviweka. Kumbe alilelewa."

"Nilikuwa nasema, mutoto wa Kibabi atajua nini?" Papa Gasana akaweka kiganja juu ya mfuniko wa kikapu cha kwanza. "Nikasema, atanilisha vitu mbele ya batu kama mutoto wa masomo. Kumbe amenileta hapa ili anipe heshima mbele ya mashahidi wote hawa. Zéphyrin, mwana wa Edmond. Nimepokea."

Nimepokea!

Mnaijua maana ya neno hilo? Mlango ulikuwa umefunguliwa. Wasemaji wangu wanaweza kuja. Umwali alikuwa amegeuka jiwe, macho makubwa, na kwa kidevu akanifanyia ishara ndogo sana: nyamaza.

Nilinyamaza. Nani angesema? Nilikuwa naelea. Ningeweza kula meza.

Naomie akapita na sinia. "Jamani, inapoa! Mufungue..."

Nilimshika mkono kabla hajamaliza, nikamkokota mpaka jikoni.

"Dada, nisaidie. Ndani ya vile vikapu kuko nini?"

"Si weye njo uliagiza?"

"Sema tu!"

Akahesabu kwa vidole, akifurahi kila kidole. "Kimoja, vifurushi vya krevete, wale kamba wa bahari. Cha pili, kaa wa Walikale. Cha tatu, samaki na tangawizi. Cha ine, ile ya pembeni ya jina, miguu ya kuku."

Nikashika ukuta.

"Samaki?"

"Samaki, kaa, krevete. Hii njo restora ya samaki, Zéphyrin. Unalala?"

Naomie alikuwa hajui. Kwa Papa Gasana samaki haingii. Mama yake, bibi mzee anayelinda vyombo vya maziwa kama watu wengine wanavyolinda benki, anaamini samaki akikaa karibu na maziwa ng'ombe zinakauka. Cheka ukitaka. Mimi nimesifu ng'ombe za watu wengi na sijawahi kumwona mfugaji mmoja anayecheka juu ya jambo hilo. Na bibi huyo ndiye mkubwa wa nyumba. Ndiye atakayefungua. Atakaa kwenye mkeka wake katikati ya vyansi, vile vyombo vyake vya maziwa, ataondoa mfuniko, na kaa wa Walikale watamtazama.

"Na vikapu vyangu," Naomie akasema, "hawaendi navyo, si ndiyo? Nilivibeba toka Guangzhou juu ya magoti. Ndege ya kwanza, ndege ya pili, mpaka Goma, magoti yangu iko na alama."

"Tubadilishe!" nikasema. "Tunaondoa samaki, tunatia sukari. Tunatia chai. Una majani ya chai?"

"Niko na chai mingi."

"Leta!"

Nikatoka mbio na pakiti za chai kifuani.

Meza ilikuwa tupu.

*

Nikawaona barabarani, mbele kidogo. Papa Gasana na fimbo mbele, Umwali nyuma yake. Katikati, Shangazi Libérata, na vikapu vyangu vinne juu ya kichwa, vimefungwa ndani ya kitenge chake cha pili.

Pikipiki walizikataa. Kikapu cha heshima hakipandi pikipiki. Kinabebwa kwa miguu, na hakiwekwi chini njiani.

Lakini vile vikapu vilikuwa vimetoka kwenye mvuke muda huo huo. Kichwa cha Shangazi Libérata kilikuwa kinatoa moshi.

Sitanii. Mvuke ulipanda kupitia kitenge, ukajipinda juu yake kama wa sufuria ya ugali. Wabebaji waliokuwa wanashuka na mizigo wakasimama pembeni.

"Mama! Kichwa chako kinaungua!"

"Piteni!" Shangazi akajibu bila kugeuza shingo.

"Mama, unapika nini mule?"

"Heshima! Unaijua?"

Maji ya moto yalikuwa yanamdondokea nyuma ya sikio. Kwa kila tone aliruka kidogo, hatua moja ya dansi, kisha akaendelea kwa maringo yale yale. Hakuvitua. Mwanamke huyu nilikuwa nikimwogopa. Kuanzia pale nilianza kumpenda. Nyuma yake mbwa wawili. Kisha mbwa wanne. Kisha paka wa kinyozi. Harufu ya samaki na tangawizi ilikuwa inatembea Rubaya yote kama arusi yenye tarumbeta.

"Umwali," nikamsikia Papa Gasana akisema mbele, "juu ya nini mbwa wanatufuata?"

"Wanapenda sherehe, Baba," Umwali akajibu, na sauti yake ikapasuka katikati.

Nilikuwa na njia mbili. Naweza kurudi, kunyamaza, kuomba Mungu bibi awe na mafua. Au naweza kusema.

Mimi ni mtu wa majivuno, mnanijua. Lakini majivuno yangu yana mpaka, na mpaka ni hapa: sitaki kuingia kwa Papa Gasana kwa mlango uliofunguliwa na kaa. Niliona vile alivyovua kofia. Hakuivua kwa ajili ya Naomie.

Nikakimbia, nikawapita mbwa, nikasimama mbele yake na pakiti za chai kifuani.

"Papa! Hivi vikapu si zawadi."

Akasimama. Wote wakasimama, hata mbwa.

"Unasema nini?"

"Ni chakula, Papa. Kule kwa Wachina chakula kinakujaka mu vikapu. Mimi niliagiza bila kujua. Sijawahi kukula Kichina ata siku moja, Goma nilinusa tu. Na ndani kuko samaki."

Tone moja la maji ya moto likadondoka, na Shangazi Libérata akaruka.

"Samaki," akasema polepole, "juu ya kichwa yangu?"

"Na kaa, Shangazi. Wa Walikale."

"Kaa!"

"Na miguu ya kuku."

"Miguu!" Lakini hakuvitua. Alivishika kwa mikono miwili, akamwangalia kaka yake. "Kaka, sema haraka. Kichwa inaiva."

Papa Gasana hakunitazama mimi. Alitazama vikapu.

"Mbele ya mashahidi," akasema, "nilisema neno gani?"

Mbebaji mmoja, mzigo mgongoni, akainua kidole kama yuko darasani. "Ulisema nimepokea, Papa. Mimi nilikuwa ndani."

"Nilisema nimepokea." Mzee akashusha pumzi. "Samaki kwangu haiingie. Lakini neno lilitoka. Ita batu wakule."

"Batu gani?" nikauliza.

"Wote. Wale wa mizigo."

Pale pale kando ya barabara vikapu vikashuka kutoka kwenye kichwa cha Shangazi, vikafunguliwa, na wabebaji wa Rubaya wakala dim sum kwa vidole, wamesimama, mvuke ukiwapiga usoni. Mmoja aliinua mguu wa kuku akautazama muda mrefu. "Huyu alitembea sana," akasema, kisha akauingiza mdomoni. Wengine walifyonza kaa mpaka magamba yakalia filimbi. Papa Gasana aligeuza mgongo ili asione watu wakitafuna, lakini niliona bega lake linatikisika. Kicheko au hasira? Umwali mwenyewe hakujua.

Vilipokuwa vitupu, mzee akavipangusa kwa majani, akavifunika kimoja kimoja, akampa dada yake.

"Kikapu nilichopokea sikirudishake kitupu," akaniambia. "Vitarudi."

"Na ndani kutakuwa nini, Papa?"

"Jibu yangu."

Akapanda kilima. Usiku huo nililala kwenye stoo ya Naomie, juu ya godoro langu, kati ya magunia ya chumvi na bidoni la kaa. Naomie alisema sitoki pale mpaka vikapu vyake virudi.

*

Vilirudi Jumatatu asubuhi. Shangazi Libérata alivibeba mwenyewe, nywele zimefungwa kitambaa chenye mafuta ya kutibia kuungua, na Umwali nyuma yake.

Vikapu vitatu vilikuwa na zawadi ya Naomie. Akavifungua, akapiga kelele: kila kimoja kilikuwa na jibini, la mviringo, la Karuba, la njano kama jua la saa moja. "Hii nitaipika na mvuke!" akasema, na Shangazi akamwambia kwamba akifanya hivyo atarudi kuvichukua.

Cha nne kilifungwa kwa kamba ya kuongozea ndama, fundo juu ya fundo. Umwali akaniwekea mikononi. Kilikuwa chepesi. Chepesi mno.

"Ndani iko nini?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Baba alifunga peke yake. Alinipa mugongo. Sijui kama alikuwa anacheka ao analia."

Nikakitikisa. Hakikulia. Nikakinusa. Kilinuka tangawizi, samaki kidogo, na zizi. Nikashika fundo la kwanza.

Mkono wa Shangazi Libérata ukanipiga vidoleni.

"Weye! Unafungua wapi?"

"Jibu ni langu, Shangazi!"

"Jibu iko ya baba yako. Kikapu cha kijana kinafunguliwa na baba ya kijana, mu nyumba yake, na mikono yake. Ukifungua weye, umetukataa. Desturi si unazijua? Si ulituletea vikapu vine?"

Sasa alikuwa anacheka. Mwanamke huyo alicheka mpaka akashika ukuta, juu ya joka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza lupango iliyofungwa, na neno la mwisho la baba yangu.

*

Kutoka Rubaya mpaka Kibabi nilitembea bila kusema mstari hata mmoja. Kikapu nilikibeba kichwani, na sikukitua njiani. Nilifika jua likiwa juu ya shamba.

Baba alikuwa anapalilia. Aliniona mbali, nilijua kwa vile jembe lilivyoanza kwenda haraka zaidi.

Nikasimama mwanzo wa mstari wa maharagwe, sikuingia.

"Nilisema nini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Ulisema nisirudi mpaka uniite."

"Nilikuita?"

"Hapana, Papa."

"Basi?"

"Papa Gasana wa Karuba anakusalimia. Anasema mama yake hataki maharagwe ingine, anataka ya kwako tu. Na amekutumia hii. Ni weye tu njo unaweza kufungua."

Jembe likasimama.

Baba akanyooka. Akatazama kikapu, akatazama ile kamba ya ndama, na nikaona kwamba ameelewa yote, kwa sababu mtu hawezi kuzeeka Masisi bila kujua maana ya kikapu kinachotoka kwa mwenye binti. Akapangusa mikono kwenye suruali, mara moja, mara ya pili. Akaja. Akakichukua kwa mikono miwili, akakaa juu ya jiwe mwisho wa shamba, akakiweka kwenye magoti. Vidole vyake vikagusa fundo.

Nikarefusha shingo nione.

Vidole vikabaki pale.

"Banasema uliimbia ngombe ya Gasana," baba akasema. "Rubaya yote inairudilia. Mwezi unapita katikati ya pembe."

"Njo vile, Papa."

"Iko muzuri." Akaangalia shamba. "Na ile siku ya mvua uliimbia ngombe ya Mushaki. Na kabla ya Mushaki, ya wengine. Haya maharagwe yamekukomalisha, Zéphyrin. Yalikununulia viatu, yalikupeleka masomo. Ata siku moja, ata mustari moja, uliyaimbia?"

Upepo ukapita juu ya shamba, majani yakageuka, yakaonyesha upande wao mweupe.

"Nitafungua," baba akasema, na akaweka kiganja bapa juu ya mfuniko. "Lakini kwanza niimbie haya. Leo. Hapa. Nasikia."

Nikanyoosha mkono, kama tunavyofanya. Nikafungua mdomo, ule mdomo uliowaliza wazee wa Karuba na kusimamisha vijiko vya Rubaya. Nikayatazama maharagwe ya baba yangu, niliyoyakanyaga tangu nilipoanza kutembea.

Na hakuna neno lililotoka.